Leseni imeisha: nilipie tena Word au nihamie LibreOffice?

Mwenye mada: Wakuu, leseni imeisha, na kulipa kila mwaka kwa ajili ya barua na ripoti naona ni kujiumiza. Wiki ya pili sasa niko LibreOffice, ile programu ya bure ya kuandikia, faili za Word (docx) inafungua, PDF inatoa. Kuna kitu cha kunizuia nihame jumla?

Jicho Kali: Kipo. Nilituma sivii ya hizo programu zenu, imefika kwa mwajiri jedwali limerukia ukurasa wa pili, jina langu limebaki juu peke yake. Cha bure ghali. Mtu makini hakabidhi kazi yake kwa vitu vya watu bure.

Kijiti: Watu bure unamwita nani? Oracle walipoinunua Sun, kampuni iliyokuwa na OpenOffice, 2010, watengenezaji wengi wa OpenOffice waliondoka mwaka huohuo wakaanzisha LibreOffice, na mpaka leo inatoka matoleo mapya. Bram Moolenaar alitoa bure Vim, programu yake ya kuhariri maandishi, akaomba anayeipenda awachangie watoto wa Uganda. Huyo ni mtu bure? Halafu hizi si za bure tu, ni HURU, yaani unaruhusiwa kuzibadilisha na kuzigawa, ndicho mwanaprogramu Stallman alichokipigania tangu 1983 alipotangaza GNU, mradi wake wa programu huru.

Jicho Kali: Huru, bure, mi jedwali langu liliruka.

Bibi Kurasa: Ulitumia ipi mwanangu?

Jicho Kali: OpenOffice, si ndo hiyohiyo

Bibi Kurasa: Siyo hiyohiyo. OpenOffice inafungua docx ila kuhifadhi docx haiwezi, kwa hiyo ulituma aina nyingine ya faili. Na fonti yako, yaani mtindo wa herufi, kama kwa mwajiri haipo, mashine yake inachukua nyingine, herufi zikizidi upana kidogo tu mstari unaongezeka, jedwali linasukumwa chini. Ndo maana mafaili yenye fonti ya Calibri tunayafungulia fonti ya Carlito, upana wa herufi ni uleule. Na sivii inatumwa PDF.

Jicho Kali: Sikuja kufundishwa kompyuta hapa. Nimerudi Word, nina amani.

Kijiti: Umelipia au umekraki?

Jicho Kali: Inakuhusu nini??

Kijiti: Inanihusu sana, maana aliyekupa kwa hiari yake umemwita mtu bure, na huyo unayemsifia umemchukulia bila ruhusa.

Mwenye mada: Bibi Kurasa, hiyo Carlito naipata wapi? Ripoti zangu zote ni Calibri.