Mbwa kazidiwa usiku huu: kliniki ya Masaki au bwana mifugo wa mtaani?

Mkazi_Goba
Wakuu, mbwa wangu anatapika tangu jana jioni, sasa hasimami. Kliniki moja Masaki wanataka laki 4 ya kuanzia. Bwana mifugo wa huku Goba anakuja na sindano zake kwa elfu 60. Niende wapi? Naamua sasa hivi.

Mama Jasiri
Pole sana. Ana umri gani? Kachanjwa? Anaharisha? Hujasema lolote. Mfunue mdomo uangalie fizi, zikiwa nyeupe usingoje asubuhi.

Boerboel_Kibaha
Bwana mifugo. Wangu alipona homa ya kupe kwa sindano ya elfu 35, kesho yake akala ugali. Masaki unalipia na pango la jengo.

Mkazi_Goba
Samahani, nimechanganyikiwa. Ni German Shepherd, miezi 4. Anaharisha damu, harufu kali mno. Aliyeniuzia alisema kachanjwa mara moja, kadi hakunipa.

Neema_Kimara
Hizo ni dalili za parvo, ndugu yangu, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Mwaka juzi wangu alianza hivyo hivyo. Akaja mtu na kiboksi cha dawa, hakumpima hata joto, akamchoma oksitetra, ile antibayotiki, na kumpa dawa ya minyoo, nikalipa 45,000. Kesho yake akarudia ile ile. Siku ya tatu macho yameingia ndani, ngozi ya shingo ukiivuta inabaki imesimama. Ndipo nikakimbilia kliniki. Daktari akasema antibayotiki haiui kirusi, mbwa alikuwa anaishiwa maji, dripu ilitakiwa tangu siku ya kwanza. Hakufika mchana. Jumla ilinitoka 310,000, nikazika. Mwanangu hadi leo hataki mbwa mwingine nyumbani.

Mhitimu_SUA
Pole dada. Ila tusiwaweke wote kapu moja. Mpigie huyo wa Goba umuulize: amesajiliwa Baraza la Veterinari? Ana kipimo cha parvo, kile cha kinyesi? Ataweka dripu ya mshipa na nani atakesha nayo? Akisema sindano tu, achana naye. Na usimpe diklofenaki wala dawa ya maumivu ya binadamu.

Boerboel_Kibaha
Mbwa wa kizungu ndio wanasumbua. Fugeni koko.

Mama Jasiri
Koko nao wanakufa na parvo, tena watoto wote wa uzao mmoja. Wanafia vichakani, huwaoni. Chanjo ya kwanza wiki ya 6 hadi 8, kisha unarudia mpaka wiki ya 16. Moja haitoshi.

Mkazi_Goba
Wa Goba hana dripu. Nina 250,000, nimempakia kwenye bajaji, nawaomba Masaki wapokee hiyo kwanza.

Neema_Kimara
Mungu akutangulie. Banda lioshe kwa jiki, kirusi kinakaa ardhini miezi mingi.

Kijana_Tegeta
Kuna anayemjua muuzaji wa German Shepherd anayetoa kadi halisi ya chanjo? Nataka dume.

Boerboel_Kibaha
Njoo Kibaha uone mbwa wa Boerboel kwanza.