Re: Kuhamia Dodoma, mzee ana kazi na mimi nina saluni

Kutoka: Mama wa Nakuru

Habarini wadau. Mzee wangu amepata kandarasi ya miaka miwili Dodoma, kazi za umeme wa majengo, na wanamtaka huko kabla ya mwezi wa tisa. Mimi niko na saluni hapa Nakuru, viti vitatu na wasichana wawili, na mpango wetu ni nifunge nikuje nifungue huko. Hatuna haraka sana kwa hivyo tunataka kuja na basi pole pole, tulale hapa na pale tuone nchi kabla kazi haijaanza. Naomba mnisaidie, njia gani ni poa, nyumba inapatikana aje, na je nibebe drayer zangu ama nitapata huko kwa bei nzuri? Asanteni.

Kutoka: Binti wa Likoni, siku hizi Ilazo

Mwenzangu salaam. Naanzia mwisho, kwenye drayer, maana ndio swali ulilolitupia chini kabisa na ndilo lenye moto wenyewe. Usifunge saluni yako. Usiuze hata kiti. Julai 2025 serikali ya hapa ilitoa amri ya kuzuia wageni kufanya biashara za aina 15, na saluni imo, isipokua iwe ndani ya hoteli au ya kuhudumia watalii. Imo pia ya kutuma pesa kwa simu, ya fundi simu, duka la rejareja na la jumla ukiondoa supamaketi, udalali wa nyumba, usafi wa majumbani, na mgeni hapa ni yeyote asiye raia, habari ya kusema sisi sote Afrika Mashariki haikuokoi. Faini inaanzia milioni kumi za hapa, au jela, na kibali kinafutwa. Waliokua na leseni tayari waliachiwa mpaka muda wake uishe, ila wewe ndo unaanza kwahiyo hilo halikuhusu.

Na hata amri isingekuwepo kuna jambo la pili ambalo wanaume zetu hawatwambii, si kwa ubaya, hawalijui. Mumeo atakua na karatasi mbili, kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji daraja B, ile ya walioajiriwa, na mwajiri ndo anahangaika nazo. Wewe unaingia kama mtegemezi wake. Mtegemezi anakaa, anapika, anaenda sokoni, anasindikiza wageni, kazi hafanyi. Ukitaka kazi unatafuta mwajiri wako mwenyewe, akuombee kibali chako mwenyewe, na aeleze kwa nini hakupata Mtanzania wa kuifanya hiyo kazi. Kwa msusi, nikwambie ukweli, hiyo barua ataiandikaje na Dodoma ina wasusi kila kona? Mimi nilipata kwa sababu nafundisha Kifaransa na shule ilikua imetafuta mwalimu ikachoka, na bado nilikaa nyumbani muda mrefu nikihesabu vigae huku mwenzangu anaondoka saa kumi na mbili asubuhi anarudi usiku. Ndoa inajaribiwa hapo wallahi, si kwenye safari.

Sasa safari. Sisi tulitoka Mombasa tukapita Voi na Taveta tukavukia Holili, nyinyi mtashukia Namanga, njia zetu zinakutana Arusha. Mpakani siku hizi muhuri wa kutoka na wa kuingia mnagonga ndani ya jengo moja, ila kitambulisho cha Kenya mlichozoea kwendea Uganda hapa hakifanyi kazi, ni pasipoti au hati ya muda. Kutoka Arusha msikubali mtu awazungushe, kuna lami moja kwa moja Makuyuni, Minjingu, Babati, Kondoa mpaka Dodoma, kipande cha Babati kuja Dodoma kilizinduliwa 2018, kabla ya hapo ilikua vumbi na mabasi mengi yalikua yanazunguka Singida au Chalinze huko. Mkitaka kuona wanyama lango la Tarangire liko hapohapo njiani, na raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi si kwa dola, mradi pasipoti iko mkononi.

Lakini mkilala mahali pamoja tu, laleni Babati, mkale samaki, muone ziwa na viboko wake, halafu asubuhi muanze kupanda Bereko. Hapo baridi inaingia dirishani, barabara inajikunja, udongo unakua mwekundu kabisa. Shukeni Kolo. Michoro ya mapangoni ya Kondoa iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006 na basi zinapita pale mbio kama hakuna kitu. Mnachukua mtu wa kuwaongoza pale ofisini, mnapanda bodaboda mpaka chini ya mlima halafu miguu. Mume wangu alilalamika njia nzima, jua, mawe, mizigo tumeiacha kwa nani, tulipofika akanyamaza mwenyewe. Ni ukuta wa jiwe umeinama kama kibaraza, na juu yake watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine wameshikana, na vichwa vyao vina nywele kubwa zimetengenezwa haswa. Wewe msusi utaangalia nywele kwanza, nakujua.

Mizigo mikubwa msibebe na basi mkiwa mnalala njiani. Tangulieni na masanduku, vitu vya nyumbani vifuate. Anayehama makazi ana msamaha wa ushuru kwa vyombo vyake alivyokwisha kuvitumia, ila wanataka barua na orodha, kwahiyo andika kila kitu mpaka feni. Na drayer tatu kwenye orodha ya vyombo vya nyumbani, afisa atakuangalia mara mbili hahaha.

Nyumba. Hapa ndo kwenye hela. Kodi hailipwi mwezi kwa mwezi kama kwetu, mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja juu yake, na kabla ya hapo kila ukipelekwa kuonyeshwa unatoa hela ya usumbufu hata kama nyumba umeikataa ukiwa getini. Chukua nyumba ya laki tatu kwa mwezi, miezi sita ni milioni moja na laki nane, weka laki tatu ya dalali, milioni mbili na laki moja imeondoka na hujanunua hata ndoo. Kuifanya ya Kenya gawa kwa 20, inapanda na kushuka lakini 20 inatosha kichwani, hiyo ni kama laki moja na elfu tano za kwetu kwa mkupuo. Akikutajia dola mkatalie kwa adabu, tangu Machi 2025 kuna kanuni inayokataza kutoza kwa fedha za kigeni humu ndani ya nchi.

Mtaa utategemea kazi ya mzee iko wapi. Kama ni Mji wa Serikali kule Mtumba basi tafuteni huku mashariki, Kisasa, Ilazo, Nzuguni, msije mkakaa Nkuhungu kwa sababu ya unafuu halafu nauli ikala ule unafuu wote. Na ukifika kwenye nyumba usianze na vigae na makabati ya jiko, fungua bomba. Halafu nyanyua macho uone simtanki ni la lita ngapi na limeunganishwa au limewekwa tu kama pambo. Halafu nenda kwa jirani, si kwa dalali, umuulize maji yanatoka siku gani na saa ngapi. Mji umekua haraka sana tangu serikali ihamie na maji ni ya mgao sehemu nyingi, na ukiwa na kisima cha kuchimba mara nyingi ni chumvi, birika langu la kwanza lilijaa ukoko mweupe ndani ya wiki chache tu, siku hizi nanunua ya kunywa na ya chai. Sisi tulikataa nyumba nzuri mno Kisasa, ina mpaka bustani ya zabibu nyuma, kwa sababu mama wa jirani alitwambia yeye huamka usiku wa manane kukinga. Dalali alikasirika. Akasirike.

Umeme ni LUKU, unanunua kwa simu kama tokeni zetu, ila usishangae mwezi ukianza unakatwa 1,500, hiyo ni kodi ya jengo inapitia humo. Kisheria ni ya mwenye nyumba, ongeeni naye mapema.

Na mje na masweta. Mimi mtu wa pwani nilidhani joto ni joto. Hapa Juni mpaka Agosti asubuhi kuna upepo wa baridi na hewa ni kavu, midomo inapasuka, nguo unaanika ukigeuka imeshakauka na imeshashika vumbi. Wa Nakuru baridi mnaijua, ukavu huu sidhani.

Kutoka: Mgogo wa Kisasa

Karibuni sana Dom jamani, makao makuu hapa, mji wa watu wote. Dada wa Likoni umeeleza vizuri ila umemtisha mwenzio. Dada wa Nakuru, mbona watu wanafanya, unatafuta rafiki Mtanzania leseni inasoma jina lake, wewe unasuka nyuma huko maisha yanaenda. Na Jumamosi mpeleke mzee mnada wa Msalato akale nyama, atasahau habari za vibali.

Kutoka: Binti wa Likoni, siku hizi Ilazo

Kaka yangu heshima yako, nyama ya Msalato sina ugomvi nayo. Ila hilo la jina la rafiki usimshauri mtu hadharani namna hii. Amri ileile inamtaja na raia anayemsaidia mgeni kukwepa, naye ana adhabu yake, kwahiyo unamtia matatani rafiki aliyekupenda. Na tuache sheria pembeni, siku mmekosana na huyo rafiki, chumba kina jina lake, leseni ina jina lake, drayer zako utazidai kwa nani? Utaenda polisi useme nini? Na mumeo kibali chake kiko mezani palepale, kosa la mke linaweza kumfuata kazini.

Kutoka: Mgogo wa Kisasa

Haya dada, nimekubali, nimenyamaza. Wageni wangu wa Mombasa wakali hawa.

Kutoka: Mkenya wa Nkuhungu

Nakaa Nkuhungu na nauli haijaniua, lakini mimi kazi yangu iko mjini. Naongeza moja tu. Mkishafika mkitaka kuona bahari msiende na basi, treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024, inatumia umeme, si dizeli kama ya kwetu ya Mombasa, unatoka asubuhi unakula chakula cha mchana Dar. Tiketi mnakata na namba ya pasipoti. Laini ya simu pia mtasajili kwa pasipoti na alama za vidole, msimpe mtu awasajilie kwa jina lake. Na msije mkadanganywa na viwanja vya bei rahisi, asiye raia hamiliki ardhi hapa ila kwa njia ya uwekezaji, nimeona Wakenya wawili wakimpa hela mtu wa kuandikiana karatasi chini ya mti.

Kutoka: Mama wa Nakuru

Woi. Asanteni nyote, kaka wa Kisasa pia usijali nimecheka sana. Nimemsomea mzee yote usiku wa jana. Hakujua hiyo ya mtegemezi, alikuwa anadhani kibali chake kinatufunika wote wawili. Tumeamua atangulie, kampuni imekubali kumpa chumba kwa miezi mitatu ya kwanza, saluni ibaki wazi, wasichana wangu wanaweza kuiendesha na mimi niwe nakuja kumsalimia. Hiyo safari ya Babati na Kolo tutaifanya wote wawili, nimsindikize mpaka Dodoma halafu nirudi. Nikiwa huko nitaangalia nyumba kwa macho yangu mwenyewe, na bomba nitafungua. Swali la mwisho, ninavyokuja kutembea tu si kuhamia, kuna karatasi ingine mpakani ama pasipoti inatosha? Na nikiwa huko naweza kumsuka jirani bila pesa?

Kutoka: Binti wa Likoni, siku hizi Ilazo

Hapo sasa umesema. Jirani msuke, ila usipokee hela, pokea mlenda. Mpakani mtagongewa muhuri wa matembezi bila visa, soma siku ulizopewa palepale dirishani kabla hujaondoka, maana ukizipitisha ni faini na inabaki kwenye rekodi yako siku utakapoomba utegemezi. Na mbebe kadi ya homa ya manjano nyote wawili, ile kadi yenyewe ya njano, sio picha kwenye simu. Basi linakusubiri nje linapiga honi, sio wakati wa kubishana na mtu wa afya.