Nimelipa 45,000 mtoto akasome Mto Ruvu, kauona dirishani na bado kapewa kosa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Binti yangu yuko darasa la tano, shule ya kulipia hapa Dar. Wiki mbili nzima tumeandamwa na meseji za ziara ya jiografia: watoto wakaone mto, kingo, mkondo, mmomonyoko. 45,000 kwa kila mtoto. Nikatoa, na ilikuwa tarehe 20, mnajua mfuko unavyokuwa.

Jioni namuuliza, haya, mto ukoje? "Baba, tuliuona dirishani." Coaster ilipunguza mwendo darajani, mwalimu akanyoosha kidole, "ule pale", basi. Siku yote iliyobaki wamekaa kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, chipsi kuku na muziki. Sasa si mngesema tu ni pikiniki?

Sisemi wangeshushwa ukingoni. Ruvu ina mamba na viboko, sijarukwa na akili. Lakini mtu mzima mmoja angeshindwa kuchota maji kwa ndoo na kamba? Mimina kwenye chupa, acha yatulie, tope lishuke. Halafu waulize watoto: udongo huu umetoka wapi? Umeshuka na mvua kutoka milima ya Uluguru, kwenye mashamba ya miteremkoni, kule kule mto unakoanzia. Na maji hayohayo yakishasafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo tunayoyapata bombani Dar, siku yakitoka. Chupa moja tu, somo zima limeisha.

Kilichonichemsha hasa ni cha juzi. Wameambiwa wachore mto waliouona. Mwanangu kachora mto umejipinda, kaupaka rangi ya udongo, kama alivyouona kwa zile sekunde zake chache. Kapigwa kosa kwa kalamu nyekundu: "Maji ni bluu." Mchoro uliopewa vema ni ule wa ubaoni, una hadi maporomoko! Maporomoko yako wapi pale darajani, tambarare yote ile?

Nimempigia mwalimu wa taaluma, ananijibu kwa upole kabisa, "Mzazi, sisi tunafuata kitabu." Sasa 45,000 ilikuwa ya nini, kitabu si kiko nyumbani?

Jumamosi nakwenda Ruvu mwenyewe kuchota chupa. Jumatatu itakaa mezani kwa mwalimu mkuu, aniambie ni bluu. Kama kuna mzazi mwenzangu wa darasa hilo humu, njoo PM twende wote.