Waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka, mbona Freddy Lim alibaki mbunge Taiwan?

chipukizi_wa_siasa:
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo la Taiwan limenigomea, naomba wanaofuatilia siasa za kule wanisaidie. Huyu Freddy Lim, yule mwimbaji wa bendi ya hevi metali ya Chthonic aliyeingia bungeni 2016 kwa jimbo la Taipei, nasoma kwamba Januari 2022 wananchi wa jimbo lake walipiga kura ya kumwondoa. Waliosema atoke ni 54,813, waliosema abaki 43,340. Kwa hesabu ya kawaida si kashapigwa hapo? Lakini aliendelea na ubunge mpaka muhula ukaisha mwanzoni mwa 2024. Imekaaje hii? Na alikosea nini hasa, maana nilidhani vijana wanamkubali sana. Natanguliza shukrani.

mpenda_katiba:
Mkuu, wingi wa kura peke yake hautoshi kule. Wanaosema atoke lazima wawazidi wanaosema abaki, sawa, lakini pia lazima wafike robo ya wapiga kura wote walioandikishwa jimboni, na hapo hata yule aliyekaa nyumbani anahesabiwa kwenye hiyo robo. Kwa jimbo lake robo ilikuwa 58,756, wakapungukiwa karibu elfu nne. Basi akapona.

Halafu ujue hicho kizingiti cha robo ni cha 2016. Zamani ilibidi nusu ya wapiga kura wajitokeze, ilikuwa karibu haiwezekani kumng'oa mtu, na chama alichokiasisi Freddy mwenyewe, New Power Party, ni kati ya waliopigania kishushwe. Kwahiyo alipimwa kwa sheria ambayo watu wake waliitaka, na mimi namheshimu kwa hilo, hakuigeuka ilipomfikia yeye. Mwenzake wa chama Huang Kuo-chang naye alipitia kura kama hiyo Desemba 2017 akapona vilevile kwa kizingiti.

Kwanini walimfuata? Nadhani huwezi kuitenganisha na Juni 2020, pale Han Kuo-yu wa Kuomintang, chama kikongwe cha upinzani, alipong'olewa umeya wa jiji la Kaohsiung kwa kura zaidi ya 939,000. Baada ya hapo upande wa Han ukaanza kuwaandama waliokuwa wapinzani wake, mbunge Chen Po-wei wa Taichung akang'oka Oktoba 2021, Freddy akafuata kwenye foleni.

binti_wa_Pwani:
Nakubaliana na mpenda_katiba kuhusu hesabu ila kuhusu sababu naona anawasahau wenye jimbo. Jimbo lile ni Zhongzheng na Wanhua. Zhongzheng ndiko kuna ikulu na bunge lenyewe, Wanhua ni mji mkongwe, mahekalu, masoko, wazee wengi, na Mei 2021 korona ilipolipuka Taipei ilianzia hapohapo Wanhua, watu wa mtaa wakawa wananyooshewa vidole nchi nzima. Waliotaka atoke walisema wakati wa shida ile mbunge wao hakuonekana vya kutosha. Unaweza kusema ni siasa za vyama, na kweli zilikuwepo, lakini kura elfu hamsini na ushee hazitoki kwenye kisasi cha Han peke yake.

Freddy alikuwa mtu wa mambo makubwa tangu mwanzo. Kabla ya ubunge aliongoza Amnesty International tawi la Taiwan, bungeni akajikita kwenye kamati ya mambo ya nje na ulinzi, suala la Tibet alilibeba kwa moyo, na ndoa za jinsia moja zilizopitishwa Mei 2019 alikuwa upande wa waliozitaka. Yote hayo yana uzito wake. Ila mama anayeuza supu Wanhua anataka kujua nani atamsemea soko likifungwa, na mbunge wa jimbo hawezi kumkwepa huyo mama hata awe anajulikana dunia nzima.

mpenda_katiba:
Dada umenena, hilo la korona nililipita haraka. Niongezee tu kwamba hata ushindi wake wa 2016 ulikuwa mwembamba, alimpita Lin Yu-fang wa Kuomintang, mbunge mzoefu aliyekuwa anamkejeli kwa nywele ndefu, kwa kura elfu sita na ushee, na DPP, chama cha Tsai Ing-wen aliyeshinda urais mwaka huo, hawakusimamisha mtu pale, walimwachia. 2019 akatoka New Power Party kwasababu yeye alitaka kumuunga mkono Tsai Ing-wen waziwazi na chama kilikuwa kinasuasua, 2020 akarudi kama mgombea binafsi akamshinda tena huyohuyo Lin. Kwahiyo nusu ya jimbo haikuwahi kuwa yake hata siku moja.

mzee_Kariakoo:
Vijana mkiongelea Taiwan msisahau walikotoka. Wabunge waliochaguliwa kule China bara 1947 na 1948 walihamia Taiwan na serikali ya Chiang Kai-shek iliyoshindwa vita na wakomunisti, wakaendelea kukaa bungeni bila kurudi kwa wapiga kura mpaka mwisho wa 1991, ati majimbo yao yako chini ya wakomunisti uchaguzi hauwezekani. Zaidi ya miaka arobaini! Watu waliokaa na wabunge wasiong'oka namna ile lazima waipende kura ya kumng'oa mbunge, hata ikitumika vibaya. Nami nasema bora iwepo. Julai na Agosti 2025 waliwapigia kura hiyo wabunge 31 wa Kuomintang na hakuna hata mmoja aliyeondoka, kwahiyo si kwamba ikiitishwa tu mtu anaanguka.

chipukizi_wa_siasa:
Asanteni sana, sasa nimeelewa. Mzee hiyo ya wabunge wa 1947 nilikuwa sijawahi kuisikia kabisa. Kwa sasa Freddy yuko wapi, amerudi kwenye muziki?

binti_wa_Pwani:
2024 hakugombea. 2025 serikali ya Rais Lai Ching-te ikamteua mwakilishi wa Taiwan nchini Ufini, kazi ya balozi ila bila jina la ubalozi kwasababu Ufini inaitambua serikali ya Beijing, si ya Taiwan. Na Ufini ni nchi ya hevi metali kwelikweli, hata Spinefarm, kampuni ya muziki iliyokuwa inatoa albamu za Chthonic, ilianzia hukohuko, kwahiyo kuna milango ataifungua ambayo mwanadiplomasia wa kawaida asingejua pa kubisha.