Mdogo wangu amesukuma kapu: amezichoka video au bei imepanda?

Dada Mkubwa
Wapendwa, naomba mnisaidie kufikiri. Mdogo wangu ana miaka 22, ana ulemavu wa akili, na maneno yake ni machache. Anapenda video za treni na za maporomoko ya maji. Ukimwekea zote mbili, leo atachagua hizi, kesho zile. Tunamfundisha kukunja nguo. Tulianza na nguo moja kwa dakika moja ya video, akawa anakunja huku akiimba. Wiki iliyopita msaidizi wake akageuza: nguo tano kwa dakika ileile moja. Siku ya pili alisukuma kapu, akakaa sakafuni, akageukia ukuta. Msaidizi anasema amezichoka video, tumtafutie kitu kingine. Moyo wangu unakataa, maana usiku ananyoosha mkono kuomba simu yangu azitazame. Niliwahi kusikia kwamba uchumi wa tabia, yaani kuitazama kazi kama bei ambayo mtu hulipia anachokipenda, una la kusema hapa. Ni lipi?

Msaidizi wa Siku Nyingi
Pole, dada. Nimefanya kazi hii miaka 14, na kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Hajazichoka. Amekataa bei. Dakika ya video ilimgharimu nguo moja, mkaipandisha mara tano kwa usiku mmoja. Nguo tano kwa dakika tano ni bei ya zamani. Nguo tano kwa dakika moja ni jambo jingine kabisa.

Tena, usiamini sana kwamba treni na maporomoko ni sawa kwake. Mwaka 1997 Iser DeLeon na wenzake walichapisha jaribio walilofanya na watu wawili wenye ulemavu wa ukuaji. Vitu viwili vinavyofanana vilipopatikana kwa kazi ndogo, vilichaguliwa karibu sawa. Kazi ilipoongezwa, kimoja kikaonekana wazi kupendwa zaidi. Kwa hiyo anachochagua kwa urahisi hakikuonyeshi atakachokitolea jasho. Mpe siku za treni peke yake na siku za maporomoko peke yake, panda polepole, nguo moja, mbili, tatu, uandike alipoishia. Akiacha, rudi chini siku hiyohiyo bila kumlaumu.

Na hiyo simu ya usiku: anachokipata bure usiku huenda asikihangaikie mchana. Wapo watakaokuambia uifunge. Nakusihi usifanye hivyo. Ule ni muda wake wa kupumzika, na mtu mzima hapaswi kulipia kila furaha. Tenga video chache mpya za wakati wa kazi, za zamani zibaki zake.

Mama wa Mapacha
Naongeza dogo. Binti yangu hakuwa analia kwa sababu ya kazi, alilia kila dakika yake ya video ilipokatwa. Tukabadili: kila nguo kifungo kimoja ndani ya kopo, kapu likiisha anabadilisha vifungo vyote kwa pamoja na kutazama bila kukatizwa. Bei haikubadilika hata kidogo. Ila tulianza na vifungo vitatu tu, maana kusubiri nako ni gharama.

Nina Usonji Mwenyewe
Naomba niingilie mahesabu. Kusukuma kapu ni sentensi nzima. Alisema hapana, msaidizi akasikia "nipe zawadi nyingine". Nguo anazokunja ni zake? Kuna aliyemuuliza, kwa picha au kwa vitu vyenyewe, kama angependa kazi nyingine? Mimi nilifundishwa kupanga shanga kwa zawadi miaka mingi, na mpaka leo sijui zile shanga zilikuwa za nani.

Dada Mkubwa
Siku tisa zimepita, narudi kuwajibu. Nilisoma yote mara mbili, la mwisho mara nne. Zilikuwa nguo za nyumba nzima, zake chache tu. Nikaweka mbele yake taulo lake, ndoo ya kumwagilia maua, na kadi ya kukataa. Akashika ndoo. Sasa anakunja nguo zake tu, nguo mbili kwa dakika mbili, na vifungo kwenye kopo. Tulipojaribu kupandisha, kwa treni alifika nguo tatu kwa dakika moja. Kwa maporomoko aliishia ya kwanza. Sikuwahi kulijua hilo, na tumeishi pamoja maisha yake yote. Simu ya usiku ni yake. Maua anayamwagilia bila video, kila asubuhi, kabla sijaamka.