Kampuni ndogo ya utalii, nissan tatu na boti moja: tuanzie wapi kupunguza uharibifu wa mazingira?

BintiKisauni

Salaam wadau. Nauliza kwa niaba ya ofisi yetu hapa Nyali, Mombasa. Tuna nissan tatu za dizeli na boti moja ya faiba yenye mashine ya farasi 40. Kazi zetu kubwa ni mbili: Tsavo Mashariki siku mbili kwa kulala usiku mmoja, na Shimoni hadi hifadhi ya bahari ya Kisite kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mawakala wetu wa Ujerumani wametuletea fomu ndefu, wanataka kujua tunafanya nini kuhusu mazingira, na wanataka ushahidi.

Bosi anasema tununue mirija ya mianzi, nembo iwekwe jani, halafu wageni wapelekwe kupanda mikoko. Mimi naona kama tunapaka rangi ukuta wenye ufa. Fedha si nyingi. Kipi kina uzito na kipi ni pambo? Naomba majibu yenye vipimo, jamani, si "hamasisheni jamii".

Fundi_Changamwe

Dada, ufa wako uko kwenye tangi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.68 hivi za kaboni dioksaidi. Sasa ipigie hesabu safari yako ya Tsavo. Mombasa hadi Voi na kurudi ni kama kilomita 320. Nissan iliyo nzima huenda kilomita 9 kwa lita barabarani na 6 mbugani. Mizunguko ya siku mbili tuseme ni kilomita 160. Jumla ni lita 62, karibu kilo 166. Wageni wakiwa sita, kila mmoja amebeba kilo 28. Wakiwa wawili, ni 83 kila kichwa, na gari ni lile lile.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama: weka siku maalum za kuondoka, mfano Jumanne na Ijumaa, uwaunganishe wageni wa hoteli tofauti. Atakayetaka gari peke yake alipie zaidi.

Ya pili ni daftari la kila gari: tarehe, kilomita, lita, idadi ya wageni. Jaza tangi hadi juu mwanzo wa safari na hadi juu tena mwisho. Ukijaza kwa makadirio ya "weka ya elfu tano", daftari litakudanganya na hutajua gari lipi linakunywa. Likishuka kutoka 9 hadi 7 kwa lita, tafuta sababu kabla ya kumlaumu dereva. Moshi mweusi mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au nozeli mbovu. Vumbi jekundu la Tsavo huziba chujio upesi sana. Likipulizwa, lipulizwe kutoka ndani kuelekea nje na kwa upepo mdogo. Vijana wa gereji hupenda kulifungulia kompresa lote, karatasi inapasuka, vumbi linaingia kwenye injini, na baada ya miezi michache unatafuta ringi mpya.

Tairi zipimwe asubuhi zikiwa baridi, kabla ya kuondoka. Dereva anayepima Voi baada ya kilomita 160 za lami anapima joto, anapunguza upepo, kisha anarudi na tairi legevu.

Halafu ile tabia ya kuacha injini inanguruma ili eikoni iwapoze wageni huku wanapiga picha ndovu: saa nzima ya hivyo ni lita moja hivi. Zima, fungua paa, kaa mita 20 au zaidi kutoka kwa mnyama kama kanuni za KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) zinavyotaka. Hata picha hutoka vizuri gari likiwa halitetemeki. Mwendo wa mbugani mwisho ni kilomita 40 kwa saa, na kutoka nje ya njia ni marufuku. Si faini peke yake. Udongo ule ukishakanyagwa huchukua muda mrefu kushika nyasi, na gari la pili hufuata alama za la kwanza.

Treni nayo ifikirie. Treni ya asubuhi inayosimama vituo vya kati hukushusha Voi, na lango la Tsavo Mashariki liko karibu. Treni yenyewe ni ya dizeli, lakini kwa kila abiria ni nafuu kuliko nissan yenye watu wawili. Kuna mitego miwili. Utakosa mzunguko wa alfajiri siku ya kwanza, kwa hiyo panga wa jioni uwe mrefu. Na nissan lazima ikae Voi ikisubiri kundi linalofuata. Ikirudi Mombasa tupu, hujaokoa kitu, umewahamisha wageni tu. Tiketi zikatwe kwa namba za pasipoti mapema, viti huisha msimu wa likizo.

Baharia_Mtongwe

Fundi kasema ya bara, acha niseme ya maji, maana hapo ndipo hasara haiponi kwa spana.

Swali la kwanza: mkifika Kisite, mwafunga wapi? Kama nahodha anatupa nanga juu ya mwamba, hayo mengine yote ni hadithi. Nanga moja ikiburutwa huvunja kwa dakika matumbawe yaliyomea kwa miaka mingi, na haya yetu tayari yalipata kipigo cha maji moto mwaka 1998 na tena 2016. Funga kwenye boya. Boya likiwa na wenyewe, subiri, au boti ielee na nahodha abaki kwenye usukani. Kama hakuna budi kutia nanga, tia kwenye mchanga mweupe unaouona kwa macho, kwenye maji ya kutosha, na mtu mmoja azame kuhakikisha mnyororo haulalii mwamba.

Mkitaka kuchangia boya jipya na kampuni nyingine, ombeni kibali kwa KWS kwanza, msijitupie tofali tu. Mambo yanayoharibika ni haya. Zege likizama hupoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake, kwa hiyo bloku ya tani moja chini ya maji ni kama kilo 580. Watu husahau, wanaweka ndogo, na kusi linaivuta hadi juu ya mwamba. Bloku ikae mchangani. Halafu maji yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne; kamba iliyopimwa maji yakiwa yamejaa italegea yakitoka, na mnyororo utafagia sakafu duara zima. Weka boya dogo la katikati, chini ya uso wa maji, liuinue mnyororo usiguse chini. Kipande cha juu kisiwe kamba inayoelea, itaingia kwenye panga la mashine. Pingu za chuma zifungwe kwa waya ili pini isijifungue, na zikaguliwe kila baada ya miezi mitatu.

Wageni wanaoogelea: watembelee mwamba maji yanapojaa, si yanapotoka. Maji yakiwa kiunoni mtu akichoka husimama, na atasimama juu ya tumbawe. Asiyejua kuogelea avae jaketi, hata akisema anajua. Mwongozaji mmoja kwa watu sita. Mkate wa kulisha samaki uachwe ufukweni: samaki wanaokula mwani wakishiba mkate hawali mwani, na mwani ukiachwa hufunika matumbawe. Kiti cha pweza nacho, ile nyota ya bahari inayotolewa majini ipigwe picha, kisiguswe.

Mafuta ya jua: yenye oksibenzoni na oktinoksati yamepigwa marufuku kuuzwa Hawaii tangu 2021 kwa sababu ya matumbawe. Nanyi hamtaweza kusoma chupa ya kila mgeni. Nunueni fulana ishirini za kuogelea za mikono mirefu, mziazime bure. Mgongo ukifunikwa, hayo mafuta yanabaki ya uso na miguu tu.

Pomboo: msiwakate njia wala msiwafuate kwa nyuma. Endesheni sambamba nao polepole, mbali mita 50 hivi. Mkikuta boti mbili tayari, subirini. Wakiwa na mtoto, geuzeni. Dakika 20 zatosha.

Mwisho, ngama, yaani tumbo la chini la boti panapokusanyika maji. Maji ya ngama yenye petroli na oili yasimwagwe baharini. Weka kitambaa cha kunyonya mafuta ndani ya ngama, kikijaa kirudi nchi kavu kwenye ndoo yenye kifuniko. Na asije mtu akamwaga sabuni ya vyombo ili rangi ya mafuta ipotee. Haipotei, inazama.

BintiKisauni

Shukran sana, kaka zangu. Baharia, mashine yetu ni ile ya kuchanganya petroli na oili. Tuibadilishe? Na maji ya kunywa tufanyeje? Wageni wengi hawaamini kitu kisichokuwa na kifuniko kilichofungwa kiwandani.

Baharia_Mtongwe

Hizo za mapigo mawili hutema robo hivi ya mafuta bila kuungua, na yanaishia baharini. Ya mapigo manne ni bora, ila ni nzito na ni ghali. Kabla ya kuinunua, hakikisha tako la boti litabeba uzito huo. Kwa sasa punguza hasara: pima oili kwa chupa yenye alama, mililita 20 kwa kila lita ya petroli kama kitabu cha mashine yako kinasema 50 kwa 1. Wengi hukadiria kwa jicho na "kuongeza kidogo kwa usalama". Hiyo kidogo ndiyo moshi wa buluu, na plagi kuchafuka kila wiki.

Mama_Mapishi

Binti yangu, kwanza ujue hili la chupa si hiari. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, fukwe, misitu na hifadhi za hapa Kenya: chupa za maji, mirija, vikombe, sahani, vijiko. Kisite imo, Tsavo imo. Kwa hiyo usiiandike kwenye fomu ya Wajerumani kama wema wenu. Andika mnachofanya badala yake.

Watu saba pamoja na dereva, lita tatu kwa siku, siku mbili: lita 42. Ni mitungi miwili ya lita 20 na lita mbili juu, kwa hiyo beba mitatu. Kwa chupa za nusu lita zingekuwa 84. Mgeni asiyeamini, mfungulie mtungi mbele yake, mwache avunje muhuri mwenyewe. Hapo maneno huisha.

Mtungi ukae kivulini, ukifunikwa gunia. Ukipigwa jua nyuma ya gari hufanya ukijani ndani. Bomba la kutolea maji ndilo husahaulika, na ndilo huwaumiza watu matumbo. Kila wiki: mililita 5 za klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 3.5, kwa lita moja ya maji; pitisha bombani, acha dakika kumi, kisha suuza kwa maji safi. Chupa za chuma za kuazima ziwe na namba, mgeni arudishe siku ya mwisho.

Chakula cha njiani: hoteli zikiwafungia, zitawapa plastiki juu ya plastiki. Waambieni jioni kabla, kwa maandishi, kwamba mtaleta mikebe yenu. Mahamri, viazi karai, mayai ya kuchemsha, ndizi na machungwa husafiri vizuri. Mbaazi za nazi msizibebe, tui huchacha kabla ya adhuhuri. Kinachobaki kirudi na gari. Maganda yawekwe kando yafanywe mboji, na hayo mengine ndiyo yaende jaa la Mwakirunge.

Na hiyo mirija ya mianzi mwambie bosi ni shida kuosha ndani, hufanya ukungu. Dafu lanyweka kwa mdomo.

Mchu_na_Mlilana

Kuhusu mikoko: mgeni kuchomeka mche na kupigwa picha si mradi, na mara nyingi mche unakufa. Sababu ni kupanda mti usio wa mahali pale. Mikoko ni miti ya aina kadhaa: ukanda wa mbele unaopigwa na mawimbi ni wa mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa, na mchu huonekana sana upande wa nchi kavu. Wapandaji wa siku moja huchomeka mkoko mbele kabisa, kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kuokota na tope liko wazi. Mawimbi huung'oa, au chaza wadogo huung'ang'ania hadi uzito unaulaza. Wengine hupanda juu ya nyasi za bahari, wakaua kitu kimoja ili kuanzisha kingine.

Bora wapelekeni Gazi, iko kwenye njia yenu ya Shimoni. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji, wanalinda hekta 117 za mikoko na wanauza hati za kaboni iliyohifadhiwa na msitu tangu 2013, karibu tani 3,000 kwa mwaka, na fedha huingia kwenye maji na shule za kijiji. Kina mama wana daraja la mbao la kutembelea ndani ya msitu. Lipeni kiingilio, chukueni risiti, itieni kwenye faili.

Lakini msije mkaandika "safari isiyo na kaboni". Ndege ya kutoka Ujerumani kuja Mombasa na kurudi ni zaidi ya tani moja kwa mgeni, dizeli yenu ni sehemu ndogo tu. Mnachoweza kugusa hapo ni urefu wa safari: mpeni bei nzuri anayekaa siku 14 kuliko anayekuja siku 5. Tena sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2024/825, inayoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, inakataza kumtangazia mteja "rafiki wa mazingira" bila ushahidi, na kudai bidhaa haina kaboni kwa kuwa umenunua fidia ya kaboni. Mawakala wenu wanaikimbia hiyo, ndiyo maana fomu imekuwa ndefu. Jani kwenye nembo lisubiri.

Ushahidi wanaoutaka ni daftari la Fundi, ankara za mitungi, picha ya boti ikiwa kwenye boya, na barua mlizoandikia hoteli. Baadaye mkitaka cheti cha waendesha safari, Travelife ina ngazi tatu na mnaweza kuanza ya chini. Ecotourism Kenya hupima hoteli na kambi kwa shaba, fedha na dhahabu. Itumieni kuchagua mnakolaza wageni.

Baharia_Mtongwe

Nyongeza moja, kwa sababu Shimoni mgeni huagiza kaa. Mpishi amgeuze kabla ya kumnunua: kifuniko cha tumbo kikiwa chembamba ni dume, kikiwa kipana cha duara ni jike. Jike mwenye mayai arudishwe mikokoni akiwa hai, na mvuvi alipwe kitu kwa kumrudisha, la sivyo kesho atamuuza mlango wa pili.