Vumbi la mwamba mgodini: je, kitambaa puani kinatosha?

Mchimbaji, Mirerani: Ndugu zangu, tunachoronga (tunatoboa kwa mashine) mwamba ukiwa mkavu, na wengi wetu hujifunga kitambaa puani tu. Vijana wawili wa shimo letu wanakohoa tangu masika. Je, kitambaa kinazuia chochote?

Jibu: Kaka, hakizuii vumbi lile lenye madhara. Chembe za silika, madini yaliyomo ndani ya mwamba, zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kuliko mikromita 10, hazionekani kwa macho, na hupenya kitambaa kwa urahisi. Huko ndani huacha makovu yasiyotibika, nayo humweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Tafadhali, vijana hao wapimwe makohozi na kupigwa picha ya kifua wiki hii.

Jibu: Anzeni na maji. Yakipita kwenye ncha ya mashine wakati wa kuchoronga, hulituliza vumbi pale pale linapotokea. Baada ya kulipua baruti, msishuke kabla hewa haijasafishwa. Barakoa ya N95 (ile inayochuja chembe ndogo sana) inayobana uso vizuri ifuate baada ya hayo, wala isichukue nafasi yake.

Mchimbaji, Mirerani: Maji kwetu hununuliwa kwa madumu, lakini nitalifikisha kwa mwenye shimo. Vijana wataenda hospitali kesho.